Jicho Lililofundishwa Kujua Uongo

Siku ile walikuwepo hawa. Mimi mwenyewe, mwenye jicho. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa kifungua mimba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaombwa aolewe. Dada yangu mdogo, tuliyenyonya ziwa moja, ambaye mdomo wake haujawahi kulala hata akiwa na homa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, msemaji wa upande wetu. Upande wa wageni alikuwepo kijana mwenyewe, mwalimu wa shule kule Gikundamvura. Baba yake, mkulima wa Nkanka, mtu asiyecheka mpaka ajue kwanza kwamba si yeye anayechekwa. Na msemaji wao, mzee wa Nkombo aliyefiwa na mke, aliyevuka ziwa kwa mashua akiwa na kofia ambayo hakuivua hata wakati wa sala.

Wengine walikuwa wengi, walijaza mahema mawili, na majina yao ninayo yote. Kwetu hapa Kamembe mtu akisahau jina la babu yake, anakuja kuniuliza mimi. Lakini mjukuu, anayeniita Koko kama kwetu bibi wote wanavyoitwa, ameniomba: "Koko, andika yote, ila majina uache." Basi nimeyaacha, ingawa yananiwasha vidole.

Nianze na puware.

Mjukuu wangu alikuwa anasoma chuo kikuu, masomo ya akili za watu. Likizo moja alirudi nyumbani na simu yake, na begi la nguo chafu, na puware mpya nyekundu. Asiyejua puware ni nini, ni ule mpira wa duara wenye mdomo mrefu, ambao sisi tuliokulia Bukavu tunawatilia watoto dawa kwa nyuma wakifunga choo. Akaniambia, "Koko, ikala kwa kiti pale dirishani. Ninataka kukufanyia kitu."

Nikamwambia, "Wewe mutoto, mimi nilienda choo asubuhi, na nilienda vizuri."

Akacheka mpaka akaketi chini. "Hapana kule, Koko! Ni ya jicho!"

Alichukua miwani ya marehemu babu yake, akatoa kioo cha upande wa kushoto, akafunga hapo mrija wa Fanta kwa uzi. Mrija ukaunganishwa na puware. Nikavaa. Dada yangu, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Yaya," maana kwetu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa, "sasa umefanana na primus." Yaani lile jiko la mafuta la kupampu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi baada ya chai, mjukuu anakaa mbele yangu na kunisomea maneno kutoka kwenye simu. "Nyuki anatengeneza asali." Kimya. "Mama ni mukubwa kuliko mutoto yake." Kimya. "Samaki sambaza banajenga kiota juu ya muti." Puh! Upepo ndani ya jicho, na jicho linafunga. "Mvua inanyesha kutoka juu." Kimya. "Ng'ombe anataga mayai." Puh!

Nikamwambia, "Kama unajua ni uongo, usiseme basi! Unajiumiza mdomo, unaniumiza jicho."

"Vumilia, Koko. Ni masomo."

Nikavumilia. Nimezaa, nimekimbia vita, nimelala sakafuni kwa watu. Upepo wa puware ni nini? Siku zikapita, na asubuhi moja akasema, "Kuku ana miguu nane," na jicho langu la kushoto likafunga. Lakini upepo haukuja. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye goti. Akasema tena, "Papa Mutakatifu ni bibi yangu." Jicho likafunga. Hakukuwa na upepo wowote. Mjukuu alirusha puware juu, akacheza katikati ya nyumba, akamkumbatia hadi dada yangu, ambaye alikuwa na mikono yenye unga.

"Koko, unaona? Haiko neno! Kila siku nilibadilisha maneno. Hakuna neno lenye nilisema mara mbili. Jicho yako halisikie sauti. Linasikia uongo wenyewe."

Jambo hili lilinikaa kichwani siku nzima. Mbwa akisikia sahani anatoa mate, hiyo najua, sahani ina mlio wake. Lakini uongo hauna mlio. Haunuki, hauna rangi, unavaa maneno yaleyale ambayo ukweli unavaa. Mimi mwenyewe nimedanganywa mara ngapi nikaitikia asante? Na sasa kipande cha ngozi juu ya jicho, ambacho hakijabatizwa wala kusoma katekismu, kinautambua.

Tukajaribu lugha nyingine. Kwa Kinyarwanda, lilifunga. Kwa Mashi, ambayo niliongea na majirani zetu tangu utoto, lilifunga. Kwa Kifaransa likakaa wazi tu kama dirisha la shule, maana Kifaransa changu ni cha "bonjour" na "merci", na "bonjour" haina uongo ndani yake. Dada yangu alisema ingekuwa vizuri kuniuza kwa tribunali, kule mahakamani.

Lakini jicho halikuwa mchawi. Siku moja mjukuu aliniambia kwamba mke wa fundi viatu wa kule chini amejifungua mapacha. Jicho likakaa wazi, nikaanza kutafuta kitenge cha kumpelekea. Kumbe alikuwa ananijaribu. Yule mama hakuwa hata na mimba. Ndipo tukaelewa: jicho linafunga kwa uongo ambao mimi mwenyewe tayari najua ni uongo. Nikidanganywa, nalo limedanganywa. Tafadhali mkumbuke hapo, maana nitaparudia.

Kuishi na jicho kama lile si rahisi. Sokoni muuza vitenge, kijana wa Kiislamu mwenye adabu sana, aliniambia, "Maman, hii njo ya mwisho, haibaki ingine, na bei ninakupa ya hasara." Jicho likamkonyeza, ilhali kitenge kilekile naona kinaning'inia nyuma yake mara tatu. Akainamisha macho kwa aibu, akashusha bei, na tangu siku ile akiniona anaita mdogo wake anihudumie. Nyumbani, yule kijana mwalimu alikuja kumtembelea mjukuu wangu, wakati mambo yao yalikuwa bado ya chini kwa chini. Siku hiyo dada yangu alikuwa ameunguza maharagwe. Kijana alikula yote, akafuta mdomo, akasema, "Koko, maharagi iko muzuri sana." Jicho likafunga. Akauliza kama nzi ameniingia. Nikasema ndiyo, nzi.

Mjukuu alikuwa ameahidi kulisahaulisha jicho kabla ya kurudi chuoni. Dawa yake, alisema, ni kunisomea uongo mwingi bila upepo, mpaka jicho lichoke kujifunga bure. Lakini familia ya kijana ikatuma ujumbe: baba yake hataki kungoja msimu mwingine, watakuja kuomba msichana hivi karibuni. Nyumba ikageuka. Mahema, viti, kasiksi ya ndizi ya kuchachua, nywele za kusuka. Tukaiba muda asubuhi na kusomeana uongo. Jicho lilisahau asubuhi, na kufika jioni lilikumbuka tena. Kesho yake vilevile. Mjukuu alishika kichwa. "Hii pia iko mu kitabu," alisema, karibu kulia. "Linasahau, kisha linarudi."

Sasa, kwa asiyejua desturi yetu, nieleze kwa nini alikuwa karibu kulia. Siku ya kuomba msichana ni siku ya uongo mtakatifu. Pande mbili zinakaa zikitazamana, na kila upande una msemaji wake, na wale wazee wawili wanadanganyana tangu asubuhi hadi watu waone njaa. Wa kwetu anakana kwamba msichana yupo. Wa kwao anakana kwamba wamekuja kuomba. Asiyejua kudanganya vizuri siku hiyo anasemwa kwamba hana heshima. Watu wanatoka mbali si kwa ajili ya chakula, wanakuja kusikia uongo mzuri. Na katika ukoo wetu, mwisho wa yote, msemaji anamgeukia bibi wa msichana, ambaye amekaa mbele, peke yake, kila mtu akimwona usoni. Bibi akiinamisha kichwa, msichana ametolewa. Asipoinamisha, wageni wanarudi na ng'ombe wao.

"Avae lunettes nyeusi ya jua," dada yangu alisema.

"Watasema bibi ni kipofu, kipofu iko mu damu," alijibu mwanangu, baba wa msichana.

"Basi bamufunge bandeji."

"Watasema tumemupiga."

"Basi akae nyuma."

Bibi hakai nyuma. Mjukuu wangu alinishika mikono miwili. "Koko, ninamupenda ule muntu. Kama baba yake anakasirika, hatarudi mara ya pili. Unamujua." Nilimjua. Nikaahidi kulibana jicho. Likafunga.

Siku ikafika. Ukungu ulikuwa umeondoka ziwani mapema, hema likapigwa na upepo mzuri. Nikakaa mbele na kitenge kipya, kile cha muuza vitenge. Mbele yangu, uso kwa uso, akawekwa yule mzee wa Nkombo na kofia yake.

Shemeji yangu akasimama, akakohoa, akaanza. "Ninyi batu ni banani? Sisi tulifikiri ni ba kampuni ya umeme banakuya kutukatia."

Jicho likafunga.

Mzee wa Nkombo akasimama. "Ee bazee, sisi hatukuyie kwa ubaya. Ng'ombe yetu alipotea usiku kule kisiwani, tukafuata nyayo zake, zikatufikisha hapa."

Ng'ombe aliyevuka ziwa kwa miguu! Jicho likafunga moja kwa moja kuelekea uso wake. Mzee alisita. Akagusa kofia.

"Hapa hakuna ng'ombe," alisema shemeji. "Na kama munatafuta msichana, musichoke bure. Mu hii nyumba tunaishi bazee tu na mbuzi." Jicho.

"Hatuna haja na msichana! Sisi kwetu basichana bako mingi, tunabafukuza ku mashamba kama ndege." Jicho.

Mzee akapangusa jasho. Akaanza hadithi ya ua zuri aliloliona akiwa ziwani, ua linalong'aa mchana kuliko taa za wavuvi wakati wa giza, na kila alipotia chumvi jicho langu lilimjibu. Sauti yake ikaanza kulegea. Akaacha kumtazama shemeji yangu. Akawa ananihadithia mimi. Akanyoosha koti.

Mwanamke mmoja wa upande wao akanong'ona, na alikuwa mtu wa kunong'ona kwa sauti kubwa: "Yesu! Ule koko anakonyeza mzee wetu!"

"Tena!" akasema mwingine. "Umeona? Tena!"

Na dada yangu, damu yangu mwenyewe, akapiga mkono pajani: "Yaya! Siku ya mutoto, na wewe unajitafutia bwana!"

Hema lote likacheka. Mzee wa Nkombo alicheka pia, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. Ambaye hakucheka ni baba wa kijana. Alisimama, akachukua fimbo yake.

"Tulikuya kuomba msichana kwa heshima. Bibi yake anatuchezea bazee mbele ya batoto. Kama bibi iko hivi, mujukuu itakuwa namna gani? Twende."

Viti vikaanza kulia. Nilifungua mdomo, nikasema, "Papa, si mimi, ni jicho," maneno ambayo hayakusaidia.

Shemeji yangu, maskini, alifikiri hasira ile ni sehemu ya mchezo. Akapaza sauti zaidi: "Endeni! Tuliwaambia hapa hakuna msichana! Ninaapa mbele ya mbingu, hapa hakujawa na msichana!"

Na msichana akatoka. Mlango wa nyumba uligonga ukuta, na mjukuu wangu akaja katikati ya mahema amevaa mushanana, vazi letu la sherehe, kabla ya kuitwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu. Mkononi alikuwa na puware. Wazee wakageuza nyuso.

"Papa mukwe, hapana ondoka," alisema. "Koko hana makosa. Ni mimi nilimufundisha jicho." Akaeleza yote: miwani, mrija, sambaza juu ya mti. Alieleza vizuri, lakini watu walikuwa wanaangalia puware tu.

Baba wa kijana alisimama na fimbo yake. "Unasema jicho inajua uongo."

"Ndiyo, Papa. Uongo wenye yeye mwenyewe anajua."

Akanikaribia, akainama. "Mimi ni padri," alisema. Jicho likafunga. "Ziwa Kivu iko na maji." Likakaa wazi. "Mimi ni mwanamuke." Likafunga. Akakaa chini polepole, mzee wa Nkombo akainamisha kofia yake upande, na upande wao wote wakataka kujaribu. Mmoja alisema ana ndege yake. Mwingine alisema hajawahi kunywa kasiksi. Tayari alikuwa ananuka. Nilifanya kazi siku ile kuliko mnunuzi wa kahawa.

Kisha wakarudi kwenye shughuli, na hapo tatizo jipya likaanza. Wasemaji hawakuweza kudanganya tena. Shemeji yangu alisimama, akafungua mdomo, akatupia macho kwenye jicho langu, akafunga mdomo. Mzee wa Nkombo alisimama, akaangalia chini. Mwisho shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri polisi, "Karibuni. Ninyi njo batu tulikuwa tunangojea."

"Ndiyo," alisema mzee wa Nkombo. "Njo sisi. Tunaomba msichana."

"Iko. Ni huyu, anasimama pale."

"Aksanti."

Kasiksi ilikuwa haijafunguliwa. Mtu wa nyuma akauliza, "Njo hivyo tu? Mimi nilitoka mbali!" Watu walionewa, nakwambia. Ukweli ulikuwa umemaliza kila kitu kabla mbuzi hajaiva.

Ndipo dada yangu akasema maneno ambayo sijui kama nitamsamehe kabla ya kuzikwa. "Kama jicho linafanya kazi, basi kijana aseme mbele ya jicho kama anamupenda mutoto yetu."

"Aseme!" wakaitikia pande zote mbili. Baba wa kijana alipiga fimbo chini. "Aseme. Kama jicho inafunga, tunaenda na ng'ombe yetu, na hakuna lawama."

Kijana aliletwa, akapiga magoti mbele yangu. Mwalimu huyu akiogopa, ulimi wake unakwama. Na alikuwa ameogopa. Lakini mimi niliogopa kuliko yeye, na nieleze sababu, ndiyo maana niliwaambia mkumbuke. Jicho langu halikujua moyo wa yule kijana. Lilijua langu tu. Walichokuwa wanataka kuona, bila wao kujua, ni kama mimi bibi ninamwamini. Na mimi nilikuwa nayakumbuka maharagwe.

"Ko... Koko," alianza. "Mi... mi..."

Jicho la binadamu halikai wazi bila mwisho. Mnajaribu huko mlipo? Linakauka, linachoma, linaomba. Upepo wa ziwa ukaingia chini ya hema ukiwa na vumbi lake.

"Mi... minamu... minamu..."

Nzi akaja. Yule nzi niliyemsingizia siku ya maharagwe, nadhani, alikuja kudai haki yake. Akatua kwenye nyusi. Mjukuu wangu hakumtazama kijana. Alinitazama mimi, puware imebanwa kifuani. Niliona uso wake wa utotoni, siku alipoanguka mtoni akangoja kwanza aone kama mimi nitalia, ndipo ajue kama yeye alie.

"Minamu... pe..."

Nikafikiria maharagwe tena. Alikula yote. Yaliyoungua, mpaka chini ya sahani, kwa sababu bibi wa msichana alikuwa anaangalia. Uongo ule ulikuwa wa namna gani?

"...penda, Koko. Siku yote."

Jicho lilikuwa wazi. Machozi yalikuwa yanatiririka hadi kidevuni, yamejaa vumbi, na mimi sipepesi. Wanawake wakapiga vigelegele: "Koko analia! Koko analia kwa furaha!" Nikainamisha kichwa kukubali, na nilipoinama nikafunga macho yote mawili kwa raha, nikayaacha yamefungwa.

"Mawili!" alisema baba wa kijana. "Moja ni uongo. Mawili ni nini?"

"Mawili ni kuchoka, Papa," alijibu dada yangu. "Mufungue kasiksi."

Wakafungua. Baada ya bakuli la kwanza mzee wa Nkombo aliomba ruhusa arudie hadithi ya ng'ombe aliyevuka ziwa kwa miguu, na watu wakanigeuzia kiti nikatazama ukuta ili wazee waweze kudanganyana kwa amani mpaka jioni. Ilikuwa nzuri sana. Ng'ombe alifika na ndama wawili na salamu kutoka kwa ndugu.

Wameoana, wanaishi Gikundamvura. Jicho limesahau karibu lote, ingawa kijana akila kwangu na kusifu chakula, ninageuka kidogo kuangalia dirisha. Wananiuliza kama siku ile jicho lilikaa wazi kwa sababu nilimwamini, au kwa sababu nililishikilia kwa nguvu. Hapo mimi mwenyewe sijui, na nimeacha kutafuta.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka, na mimi ni mzee, huenda nimechanganya nani alisema nini. Dada yangu anasema kwenye "siku yote" jicho lilitikisika kidogo. Wewe uliyekuwepo, kama umeona nimekosea, njoo nyumbani unisahihishe. Utakunywa chai. Ila uketi mkono wangu wa kushoto unapozungumza, tusikilizane vizuri.